Konfitiri Isiyoona Moto

Walinipigia simu saa nne asubuhi kuniambia kwamba Mama Kasoki ameaga, na kabla sijamaliza kusema pole, binti yake Kavira akaniuliza kama nitaleta konfitiri, jamu ya kupaka mkate wa chai, kwenye kilio. Nikasema bila shaka, naleta makarto mawili ya chupa. Konfitiri ya mji huu wa Goma ni mimi, na hilo halibishaniwi. Ukiingia duka lolote kuanzia mtaa wa Mabanga mpaka mpakani Bunagana, ukaona chupa yenye kifuniko chekundu, hiyo ni yangu, imepikwa Ndosho katika nyumba ya kazi niliyoijenga mwenyewe, mawe yake ya volkano nimeyabeba kwa mabega haya, na sikusaidiwa na mzungu wala na diploma, kwa sababu shule niliiacha mwaka wa nne wa primeri na sijarudi hata kuuliza wenzangu walifika wapi. Kavira akasema, "Papa Bahati, si ile ya chupa. Watu wanataka ile ya mama. Ya baridi." Nikakata simu, nikakaa juu ya gunia la sukari. Miaka thelathini nachemsha frezi, yaani stroberi, nimelisha hoteli na harusi za watu wakubwa, na siku ya kufa kwake mama yule bado ananishinda.

Ilikuwa mwaka wa wakimbizi. Watu wa Goma hawaulizi mwaka gani. Walivuka mpaka kutoka Rwanda siku baada ya siku na magodoro vichwani, na baada yao kikaja kipindupindu, ambacho sisi tunakiita kolera, na mji mzima ukaanza kunuka klorini. Kila kitu kilichemshwa. Maji yalichemshwa, maziwa yakachemshwa mpaka yakaungua, nimeona hata mtu akichemsha nyanya za kachumbari. Nilikotoka mimi, na kwa nini nilitoka, hilo naliruka kwa makusudi. Milima ya Masisi ilikuwa imeanza kuungua mwaka mmoja kabla, na hilo linatosha. Nilikuwa na miaka kumi na minane na biashara moja tu. Wanawake wa kule juu walishuka mpaka Sake na vikapu vya frezi, yale matunda madogo mekundu yaliyoachwa na wenye mashamba wa zamani, nami nikavichukua na kuvitembeza mjini. Jaribu wewe kuuza tunda lisilo na ganda, linaloliwa bichi, katika mwaka ambao watu wanachemsha nyanya. Nilifukuzwa milango yote ya Mabanga. Mlango mmoja tu ulifunguka, na aliyeufungua akatumbukiza mkono kapuni, akanusa, akasema, "Hizi ziliiva jana. Kesho utaniletea za leo." Huyo ndiye Mama Kasoki.

Alikuwa mjane wa Butembo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha hata akisali. Miaka mingi alikuwa mpishi nyumbani kwa wageni kutoka Ulaya, na walipokimbia wakati wa uporaji wa askari walimwachia kongelateri yao, friza kubwa, ndefu kama jeneza, nyeupe, yenye kutu miguuni. Aliiweka sebuleni. Haikuwa jikoni, ilikuwa sebuleni, mahali ambapo watu wengine wanaweka kabati la vyombo, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, na juu ya kitambaa akamsimamisha Bikira Maria wa plasta. Maana yake, kila ukitaka kufungua, kwanza unafanya ishara ya msalaba, unamwinua Bikira kwa mikono miwili, unamweka kwenye kiti, unakunja kitambaa, ndipo unainua kifuniko. Kisha unarudisha vyote kwa mpangilio uleule. Siku nzima. Kwa sababu kongelateri ile haikuwa yake peke yake. Palipo na kongelateri, avenue nzima ina kongelateri. Jirani yetu Muzee Safari alikuwa anakuja kila asubuhi na mfuko wake wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, akisema, "Mama Kasoki, unisaidie na hizi kidogo, mpaka kesho tu." Kesho yake ilidumu wiki tatu. Nami ndiye niliyembeba Bikira.

Alinipa stoo ya kulala, kando ya jiko, na kwa hiyo stoo nilimletea frezi na nguvu za mikono yangu. Nilidhani nitajifunza kupika konfitiri. Siku ya kwanza niliwasha makala, yaani makaa, mapema, moto mzuri, nikaweka sufuria. Akaja akaimwagia maji mbabula yangu yote, lile jiko la makala. "Nani amekuambia kuna moto hapa?" Nikamwambia konfitiri ni kitu cha kuchemsha, kila mtu anajua. "Kila mutu anajua na hakuna mwenye iko nayo," akasema. Namna yake aliitoa kwa wale wageni: maji ya kuoshea yamechemka usiku na kupoa, beseni limechemka, kijiko kimechemka, mikono imesuguliwa na sabuni mpaka viwiko, kisha frezi zinapondwa mbichi kwa mti, si kusagwa, kupondwa, mpaka ubaki na vipande vyenye ukubwa wa kucha. Sukari inaingia kwa kikombe kimoja cha bluu kilichokatika mkono, kikombe hicho tu, na ukileta kingine chenye ukubwa uleule anakataa. Maji ya ndimu. Halafu unakoroga. Unakoroga mpaka sukari isisikike tena chini ya kijiko, na yeye alikuwa anainamisha sikio kwenye beseni kusikiliza, anasema, "Bado inasaga. Endelea." Mabega yakauma, naendelea. Baada ya hapo inalala mezani siku moja chini ya kitambaa safi, na ndipo inatiwa katika makopo ya margarini na kwenda kwenye baridi. Mara ya kwanza nilijaza chupa za kioo mpaka mdomoni, kijana wa mlimani, nikitaka kumfurahisha. Zote zilipasuka. "Uache nafasi ya kidole," akaniambia, akiokota vioo. "Hii kitu ikilala mu baridi inavimba kama mutu wa kiburi. Sawa vile weye."

Sasa, nisimnyime haki yake. Konfitiri ile ilikuwa nyekundu. Yangu ya leo ni nzuri, watu wanaipenda, lakini rangi yake ni ya tofali. Yake ilikuwa nyekundu kama tunda lenyewe likiwa bado shambani na umande, na ukiiweka kwenye mkate wa moto ilikuwa inanukia chumba kizima. Nilimwambia, mama, ni tamu, lakini hakuna mtu atakayeila mwaka huu, watu wanaogopa. Akasema watakula. Nikasema tuichemshe kidogo tu, tuwatulize. Akasema, "Maji imechemka, beseni imechemka, mikono iko safi. Frezi imemukosea nani?" Mambo haya tulibishana asubuhi na jioni, na Kavira, aliyekuwa msichana wa miaka ishirini, anafagia tu na kucheka chini chini.

Kavira hakucheka muda mrefu. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Beni anayeitwa Paluku, dereva wa malori, na ukoo wa Paluku ulituma neno kwamba wanakuja kuleta mbuzi wa mahari. Kwa watu wale kulikuwa na desturi ambayo sikuijua. Mama wa msichana anataja chakula kimoja kilicho cha mkono wake, kitu anachojulikana nacho, na shangazi wa kijana lazima akile mbele ya wote. Asipokula, mbuzi hawavuki mlango, na pasipo mbuzi hakuna ndoa. Desturi nzuri, rahisi. Mama Kasoki alijua kupika kuku, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe ya kuokoa roho ya mtu. Akataja konfitiri ya baridi. Na shangazi mwenyewe, Shangazi Masika, alikuwa nesi. Miezi miwili ile alikuwa ameifanya katika kambi za wakimbizi, akishika watu wanaokufa kwa tumbo. Alikuwa amemwambia Paluku waziwazi kwamba wasichana wapo Beni, na Goma ni mji wa kuharisha. Nilikaa na Mama Kasoki jikoni nikamweleza haya yote kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kuku kila mutu anapika," akasema, akaendelea kukoroga.

Jumapili, siku moja kabla ya wageni, akaenda misa na Kavira. Nikabaki peke yangu na yale makopo. Nilimpenda yule mama, naweza kusema sasa. Alinifungulia mlango mji mzima ukinifungia. Nikaona nimuokoe na kichwa chake kigumu. Nikambeba Bikira, nikatoa makopo yote niliyoyaona, nikawasha makala nyuma ya nyumba na kuchemsha kila kitu katika sufuria kubwa, nikiamini atakapoacha kukasirika atanishukuru. Ambacho sikukijua ni kwamba konfitiri ya baridi inabeba sukari nyingi mno, na sukari hiyo ikiona moto inageuka. Kwanza ikawa ya kahawia. Halafu ikaanza kuvuta kama gundi. Nilipoitoa motoni ikakaa sufuriani, ikapoa, ikawa jiwe, na kijiko kikabaki kimesimama ndani yake kama msalaba wa kaburi. Walirudi kutoka misa wakanikuta nimekaa mbele ya sufuria. Mama Kasoki akavuta kijiko, hakikutoka. Akaligonga kwa kidole. Nilingojea anifukuze, ningelala wapi, sijui. Akasema tu, "Muzee Safari anajenga choo. Umupelekee, hii inafaa." Kisha akaenda kwenye kongelateri, akaingiza mkono mpaka begani chini ya sambaza za Safari, akatoa kopo moja ambalo sikuliona. Moja. Akalitazama, akalirudisha. Mimi nikalipiga lile jiwe kwa nyundo, na kwa hasira na njaa nikala vipande vyake jioni nzima, ili angalau pasibaki ushahidi wote.

Wageni wakafika Jumatatu na lori, watu saba na mbuzi wanaolia. Mbuzi wakafungwa nje, kwenye mawe yaliyo mbele ya mlango wa Safari. Shangazi Masika alikuwa mwanamke mrefu, mwenye saa ya nesi kifuani, aliyeosha mikono kabla ya kusalimia na baada ya kusalimia. Chai ikaja, mkate ukaja, na katikati ya meza Mama Kasoki akaweka kopo lake la margarini kama anaweka ekaristi. Shangazi akalitazama.

"Mama, hii imechemka?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari kwenye meno. Mama Kasoki akanitangulia.

"Hapana, shangazi. Haijaona moto hata siku moja."

Kavira akatazama chini. Mama Kasoki akachukua kijiko, akafanya kama tunavyofanya sisi wote kwa mgeni, anayekaribisha anaonja wa kwanza ili mgeni aone hakuna sumu. Akala kijiko kizima, akafungua mdomo kuonyesha amemeza. Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima.

"Asante, mama. Lakini kuonja kunaonyesha sumu. Kolera haina haraka kama sumu. Inaweza kukaa siku tatu mu tumbo ndiyo ijionyeshe."

"Basi tungoje siku tatu," akasema Mama Kasoki.

Nilidhani ni mzaha. Ningefurahi sana kama ungekuwa mzaha. Kavira akala kijiko, mimi nikapewa kijiko, kopo likafungwa na kurudishwa kwenye baridi, na Mama Kasoki akatangaza kwamba Bikira hatabebwa na mtu yeyote mpaka Alhamisi. Watu saba wakalala katika nyumba ya vyumba viwili. Stoo yangu wakapewa wajomba, nikalala chini ya meza, na juu ya meza analala Paluku, bwana harusi, anayekoroma. Mbuzi wakala matembele yote ya Muzee Safari. Safari akaja kudai sambaza zake angalau apate kitoweo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya avenue ile kongelateri ikakataa mtu. "Mama Kasoki, ni samaki yangu," akasema. "Ni mashahidi," akajibu. Jumanne umeme ukakatika, haukurudi. Na Shangazi Masika, yeye alichukua kigoda, akakiweka kando ya njia iendayo chooni, akatoa rozari yake na kukaa. Kila mmoja wetu watatu akipita, alikuwa anatazama saa. Akirudi, anatazama saa.

Hapo ndipo tumbo langu lilipoanza. Jumanne mchana, nikiwa nakata kuni, likanguruma na kujikunja, na jasho la baridi likanitoka shingoni. Nilijua mambo mawili kwa pamoja: nikikimbia kwenda choo, Kavira hana ndoa, na pengine ninakufa. Nilikuwa nimeona mwaka ule jinsi watu wanavyokufa, asubuhi anazungumza nawe na jioni amefunikwa mkeka. Nilisimama pale na shoka mkononi nikamtazama Shangazi, naye akanitazama, anahesabu shanga. Nikasema kwa sauti ya juu kwamba makala imekwisha, naenda kununua. "Makala iko hapo," akasema Kavira, msichana mjinga. Nikasema hiyo mbaya. Nikatembea kutoka Mabanga mpaka Ndosho, juu ya mawe, mapaja yamebanana, nikipita malori ya maji na watu walioketi kando ya barabara, mpaka kwa rafiki yangu fundi viatu aliyekuwa na choo. Sitaeleza. Nikakaa kwake saa nzima nikingojea kufa, na sikufa. Nikarudi na gunia la makala tusilolihitaji.

Mama Kasoki aliniangalia mara moja tu. Akanivuta nyuma ya jiko. "Umeenda mara ngapi?" Nikasema mara moja. "Ulikula ile mawe ya Jumapili?" Nikasema nusu yake. Akavuta pumzi, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, nami nikafikiri, asifiwe Mungu, tumepona, siri iko kwetu wawili. Akatoka moja kwa moja mpaka kwenye kile kigoda.

"Shangazi, huyu kijana ameharisha. Alienda kujificha Ndosho ili usione."

Nilitaka ardhi ipasuke. Usiku mzima wa kulala chini ya meza, mwendo wote ule juu ya mawe, na mama yule anakwenda kutoa siri kwa mtu mmoja ambaye hakupaswa kujua. Paluku alisimama. Mjomba mmoja akasema basi, tufungue mbuzi twende. Shangazi Masika hakusimama. Akaniita, akanishika kifundo cha mkono, akavuta ngozi yangu kwa vidole viwili na kuiachia, akatazama inavyorudi. Akaniuliza mara ngapi, yenye rangi gani, mbele ya Kavira na wajomba wote, nikajibu. Akaniuliza nilikula nini, nikaeleza habari ya sufuria na jiwe, na jinsi nilivyoharibu makopo yote mama akiwa misa. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kolera haiendi choo mara moja," akasema. "Huyu ana tamaa tu." Kisha akamgeukia Mama Kasoki. "Mama, miezi miwili nauliza watu, na wote wananidanganya. Mama mutoto wake anakufa, ananiambia maji imechemka. Weye ungeninyamazia tu."

"Ungekula kitu usichokijua mu nyumba yangu?" akauliza Mama Kasoki. "Na mutoto wangu anaenda kukaa kwako?"

Walingoja mpaka Alhamisi hata hivyo, kwa sababu wanawake wale wawili hawakuwa watu wa kuacha siku iliyotajwa. Alhamisi asubuhi Shangazi Masika mwenyewe alifanya ishara ya msalaba, akambeba Bikira, akakunja kitambaa. Sambaza za Safari zilikuwa zimeyeyuka na harufu yake ikatutoa machozi, lakini kongelateri isiyofunguliwa siku tatu inashika baridi kwa ukaidi, na kopo lile lilikuwa bado gumu katikati. Akala kijiko mbele ya wote. Akameza. Tukangoja.

"Sukari imezidi," akasema, na nje mjomba akaanza kufungua mbuzi wavuke mlango.

Mimi nilianza kuchemsha mwaka uliofuata, Ndosho, nyuma ya nyumba ya yule fundi viatu, na nilijua jambo moja ambalo hakuna mwingine mjini alilijua: ukitumia moto, punguza sukari. Kila nilichonacho kimetoka katika sufuria ile iliyogeuka jiwe. Nilimpelekea Mama Kasoki chupa yangu ya kwanza, na ya mia, na ile yenye lebo ya rangi. Hakuonja hata moja. Alikuwa anazipanga dirishani ili jua lipite ndani yake, anasema, "Bahati, muchuzi yako unapendeza." Mota ya kongelateri yake nimeibadilisha mimi mara mbili, kwa mikono yangu, bila fundi, na kila mara nilikuta mle ndani sambaza za mtu.

Kwa hiyo siku ile ya simu nilinyanyuka kwenye gunia la sukari, nikaosha mikono mpaka viwiko. Wafanyakazi wangu wakauliza niwashiwe jiko gani, nikawaambia watoke. Kikombe cha bluu Kavira alinitafutia, kimekatika mkono vilevile. Nilikoroga mpaka mabega yakauma, nikainamisha sikio, bado ilikuwa inasaga, nikaendelea, nikimlaani kwa upendo wote. Ikalala siku moja mezani, siku nyingine kwenye baridi, na siku ya kumaliza kilio nikaibeba kwenda Mabanga.

Sebule ilikuwa imejaa. Karibu na kongelateri, chini ya Bikira ambaye sasa hana mkono mmoja, alikuwa amekaa Shangazi Masika, mzee sana, macho yameingia ndani. Vita vya huko kwao Beni vimemleta hapa Goma kwa Paluku na Kavira. Mwaka huu mkimbizi ni yeye. Nikaweka kopo mbele yake. Akalitazama kama alivyolitazama lile la Mama Kasoki.

"Bahati. Imechemka?"

Watu wakageuka, wanajua mimi ni mtu wa moto, jina langu lote limeandikwa kwa moto.

"Hapana, shangazi. Haijaona moto hata siku moja."

Nikachukua kijiko, nikaonja wa kwanza, nikameza, nikafungua mdomo aone. Kisha nikavuta kiti na kukaa, tayari kwa siku tatu. Yeye akanyoosha mkono, akanipokonya kijiko.

"Siku tatu nitazitoa wapi, kwa umri huu," akasema, akala. Akafumba macho kwa muda mrefu, mpaka Kavira akainuka kidogo kwenye kiti chake.

"Bado mnazidisha sukari," akasema, na akarudisha kijiko ndani ya kopo.